Pikapu ya kikundi: kutu inaanzia chini ya mifuko



Juma hili tunazungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu tunamwachia shofere: bodi ya pikapu, ni kusema ile sehemu ya nyuma tunayopakia mizigo. Kikundi kinaweka franga za likelemba miaka na miaka mpaka kinanunua pikapu ya okazyo ya kuleta makala, unga na samaki. Mashini inaendelea kulia vizuri, lakini bodi inatoboka. Siku ya kuuza, mnunuzi anatazama matundu na kukata bei. Franga zinazokatwa pale ni jasho la wamama wote.

Wengi wanalaumu mvua. Kweli, Lubumbashi inapata karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na karibu zote zinaanguka kati ya mwezi wa 11 na mwezi wa 4. Lakini maji yanayopita na kukauka hayaharibu sana. Chuma kinashika kutu kikikaa na maji pamoja na hewa kwa muda mrefu. Kwa hiyo adui mkubwa ni unyevu unaobaki chini ya mizigo baada ya safari.

Tazameni mizigo yetu wenyewe. Vumbi ya makala inanyonya maji na kuyashikilia juu ya chuma. Samaki wa Kasenga, wa chumvi au wa barafu, wanaacha maji ya chumvi, na chumvi inaharakisha kutu sana. Mbolea ya shamba ni vilevile: chembe zinazomwagika zinavuta unyevu wa hewa na kula rangi. Hata vipande vya shaba si rafiki. Shaba ikigusana na chuma mahali penye maji, ni chuma kinachooza haraka, shaba inabaki salama.

Basi tufanye nini?

Baada ya kila safari, fagieni bodi yote, pembe zote. Kama mlibeba samaki au mbolea, mwageni maji safi mengi, kisha acheni mlango wa nyuma wazi mpaka pakauke. Tazameni matundu madogo ya kutolea maji: yakizibwa na makala au udongo, bodi inageuka beseni.

Kila siku ya posho, inueni mpira au mbao zilizotandikwa ndani. Zinasaidia sana, kwa sababu zinazuia majembe, madumu na mitungi kukwaruza rangi. Lakini mchanga na maji vinajificha chini yake, na kutu inakula pole pole bila mtu kuona. Osheni chini, kausheni, ndipo mrudishe. Osheni pia upande wa chini wa bodi, kwa sababu udongo mwekundu wa barabara unashikamana pale na kubaki mbichi siku nyingi.

Mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi, kabla mvua hazijarudi, tengenezeni rangi. Sugueni kila doa la kutu kwa brosi ya chuma mpaka chuma king'ae. Osheni kwa sabuni ili mafuta yatoke, acheni pakauke kabisa. Pakeni rangi ya kuzuia kutu mara 2, kisha rangi ya kawaida mara 2, mkiacha kila mkono ukauke. Anayesugua afunike pua na mdomo, na watoto wakae mbali na ile vumbi. Kupaka rangi juu ya kutu ni kufunika kidonda bila kukisafisha.

Gongeni pole pole mahali penye kutu kwa nyundo ndogo. Chuma kikimeguka au kuzama, rangi haitoshi tena. Fundi akate kipande kile na kuchomelea kipya. Mkumbusheni kwamba tanki la esanse au mazutu mara nyingi liko chini karibu na bodi. Moto usiwashwe kabla hajaliondoa au kulikinga vizuri.

Wako wanaopaka mafuta machafu ya mashini. Yanazuia maji kidogo, lakini yana sumu, yanaingia ndani ya mifuko ya unga, na mifuko yenyewe inateleza. Msifanye hivyo kwenye pikapu inayobeba chakula. Na pikapu iliyobeba mawe ya madini isipakiwe unga siku ileile bila kuoshwa. Vumbi yake inaingia kwenye bukari ya watoto.

Sasa neno la mwisho, ambalo ndilo gumu kuliko brosi na rangi. Pikapu ya watu wote inaoshwa na nani? Kama hakuna sheria, kila mama anamngojea mwenzake, na bodi inapotoboka maneno yanakuwa mengi. Andikeni katika daftari: anayemaliza safari ndiye anayeosha, na ufunguo haupokelewi mpaka mwenye zamu inayofuata aone bodi safi na kavu. Kila safari iache kiasi kidogo kwa ajili ya rangi. Tuseme pikapu inafanya safari 3 kwa juma, na kila safari inaacha franga 2,000. Kwa majuma 26 mtakuwa na franga 156,000. Zile zitasaidia kununua rangi bila kugusa mchango wa mtu.

Siku ya posho inayokuja, kabla ya mkutano, wamama 2 wainue ule mpira na kutazama chini. Watakachokiona kiwe neno la kwanza la kikao.