Mahabusu wa Kasapa wapewe kompyuta

Sema mtaani Katuba au Kamalondo, hapa Lubumbashi, kwamba mahabusu wa gereza la Kasapa wapewe kompyuta za kutayarishia utetezi wao. Utajibiwa papo hapo: mwizi kompyuta ya nini? Hata watu wema husema hivyo, na ni dhuluma, maana wamekwisha kumhukumu mtu kabla ya hakimu. Kifungu cha 17 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinasema uhuru ndio kanuni, kumweka mtu ndani ni jambo la pekee, na mshtakiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho. Cha 19 kinampa haki ya kujitetea.

Atajiteteaje? Dosie yake iko parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, imeandikwa kwa Kifaransa, naye pengine alijibu maswali kwa Kiswahili. Sheria ya mwenendo wa jinai ya 1959 inaruhusu siku 15 za kwanza ndani, kisha muda uongezwe mwezi kwa mwezi, kila mara kwa amri mpya. Asiye na nakala ya amri hiyo hajui kama mwezi wake umeongezwa kihalali au umekwisha naye amesahauliwa tu. Mwenye pesa ana avoka wa kumhesabia siku. Maskini anahesabiwa na nani?

Wengine watasema: Kasapa watu wana njaa, nanyi mnataka mashine! Njaa hiyo ni ya kweli na ni aibu yetu sote. Lakini gereza lile lilikusudiwa watu 800 hivi. Maasi ya Septemba 2020, ambamo wanawake walibakwa kwa siku kadhaa, yalikuta humo watu karibu 2,000. Na katika magereza ya nchi hii, walio wengi hawajahukumiwa. Kila anayeshikiliwa kupita muda wa amri yake anagawana sahani ileile na wenzake. Mpe njia ya kuonyesha kwa maandishi kwamba muda umepita, sufuria itawatosha waliobaki.

Thomas Lubanga, Germain Katanga na Mathieu Ngudjolo, Wakongomani wenzetu, walishtakiwa kwa makosa ya vita huko Ituri mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague. Mahabusu wa huko wana kompyuta za kusomea dosie zao. Lubanga na Katanga walipatikana na hatia vilevile. Ngudjolo aliachiwa Desemba 2012. Kompyuta haikumficha mwenye kosa. Kwa nini kijana anayedaiwa kuiba simu Lubumbashi apewe haki ndogo kuliko washtakiwa wa vita vya Ituri?

Ninachodai ni chumba kimoja: kompyuta chache zisizo na intaneti, zenye Katiba, sheria za jinai na nakala ya dosie ya kila mahabusu, pamoja na mtu wa kumsomea asiyejua Kifaransa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kampasi hapohapo Kasapa, na kinafundisha sheria. Wanafunzi wake wa miaka ya mwisho wanaweza kazi hiyo chini ya uangalizi wa mawakili. Parke na uongozi wa gereza waanze na wale ambao muda wa amri zao umekwisha kupita.