Saa mbili za kunyonyesha zisiishie barabarani

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, mwajiri anatakiwa kumruhusu kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Kwenye karatasi haki hiyo ipo. Tatizo ni umbali.

Katika mashamba ya maua ya Arusha, waridi hukatwa asubuhi kabla jua halijawa kali, na wiki za kuelekea Februari 14 kazi huwa nyingi mno. Mama anayeishi mwendo wa saa nzima kutoka shambani hawezi kwenda kunyonyesha na kurudi. Mtoto hubaki kwa jirani, naye husimama kwenye meza ya kupanga maua, mikono ikifanya kazi na mawazo yakiwa nyumbani. Shina refu hufungwa pamoja na fupi, ua lenye ugonjwa hupita. Hasara hiyo haiandikwi kuwa imetokana na malezi, huandikwa uzembe.

Dawa ya uzembe, kwa waajiri wengi, ni posho au makato. Posho haimnyonyeshi mtoto. Chumba safi karibu na banda la kupangia maua, chenye mlezi anayelipwa, kingeokoa muda huo. Kenya, kwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017, ilimtaka mwajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea kazini. Hata hivyo, chumba kikiwepo na msimamizi akanuna kila mama anapoomba kutoka, ni sawa na kimefungwa.

Mkulima mwenye vibarua wanne wa nyanya atasema hayo ni ya matajiri. Fedha za kujenga chumba hana, ni kweli, lakini anamfahamu kila anayemfanyia kazi na anapoishi. Kumruhusu mama aanze saa mbili asubuhi badala ya saa kumi na mbili, kisha afidie jioni, hakumgharimu kitu. (Siku ya kupulizia dawa mtoto asifike shambani kabisa.)

Wenye mashamba wakae na wasimamizi mapema kabla ya msimu, wapange nani atatoka saa ngapi na nani atashika meza yake.