Nani alipe viza kijana akiacha kazi Dubai?

Wakala wa kazi za Ughaibuni akidai fedha mwezi Julai au Agosti, familia ya Tandahimba au Mikindani huwa haina kitu mkononi. Akiba imekwisha na mnada wa korosho haufunguliwi hadi Oktoba. Mlango unaobaki wazi ni wa kangomba, yaani kuuza mavuno kabla ya wakati kwa bei anayoitaka mnunuzi, au kuweka mikorosho rehani.

Hasara inaweza kuwa kubwa zaidi pale mzazi anapotia saini kwamba kijana akiacha kazi katika kipindi cha majaribio, nyumbani watarudisha gharama za viza.

Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, sheria ya kazi Namba 33 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Majaribio hayazidi miezi 6. Kijana anayetaka kurudi nyumbani hutoa notisi ya siku 14. Akitaka kuhamia kwa mwajiri mwingine nchini humo, notisi ni mwezi mmoja, na anayemfidia mwajiri wa kwanza ni huyo mwajiri mpya, isipokuwa kama wamekubaliana vingine.

Kibiashara hilo ni sawa. Majaribio ni bahati nasibu ya pande mbili, na anayeendesha biashara ndiye mwenye uwezo wa kubeba hasara yake. Mkulima wa ekari tatu hana.

Hata hivyo, kuondoka bila notisi kuna adhabu. Mfanyakazi anaweza kudaiwa mshahara wa siku za notisi, na akiondoka nchini hivyo hapewi kibali kipya cha kazi kwa mwaka mmoja. Deni hilo si la viza, ingawa wapo watakaopenda kuyachanganya.

Wasichana wa kazi za nyumbani wana sheria yao, Namba 9 ya mwaka 2022, nayo inamzuia wakala kumtoza mfanyakazi. Tatizo lao ni utekelezaji. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu Watanzania walioko Oman na Falme hizo ilieleza waajiri waliodai warudishiwe gharama ndipo wamwachie mtu aondoke. Aliyefungiwa ndani, pasipoti ikiwa kabatini kwa bosi, sheria haimfikii kwa urahisi.

Kwa hiyo kazi kubwa ifanyike huku Mtwara. Wakala aulizwe leseni yake, na jina lake lihakikiwe TaESA. Mkataba usomwe kwa Kiswahili kabla ya saini. Kifungu cha kurudisha viza kikatwe, na wakala akigoma, fedha isitoke. Kijana akiamua kuacha kazi, notisi iwe ya maandishi yenye tarehe, picha yake itumwe nyumbani siku hiyohiyo, na malalamiko yapelekwe wizara ya kazi ya huko au ubalozi wa Tanzania Abu Dhabi.