TRENI YA ABIRIA TUSIIUZE KWA BUTURA



Ndugu zangu katika imani, mjadala umerudi: treni za abiria za safari ndefu wapewe watu binafsi, au Serikali iendelee kuzibeba kwa fedha za umma? Wengine wanasema, "Shekhe, sisi Karagwe na Kyerwa hatuna hata futi moja ya reli, yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Mama anayenunua sukari na sabuni pale Nkwenda analipa kodi, na reli inajengwa kwa kodi na kwa mikopo ambayo wanawe watailipa. Basi ana haki ya kuuliza.

Kwetu Kagera tunaijua biashara ya BUTURA. Kwa wasioijua: mkulima ana shida, mtoto anatakiwa shule, kahawa bado maua au mbichi mtini. Anakuja mwenye fedha, anampa kidogo, na msimu ukifika mavuno yote ni ya yule mwenye fedha. Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla hayajaonekana kuiva, na hekima yake tunaiona mashambani mwetu kila mwaka. Anayeuza akiwa amebanwa hapati bei, na anayenunua hana uchungu na mti.

Sasa tazameni reli. Mwaka 2007 nchi yetu ilikuwa imebanwa. Reli ya Kati ilikuwa imechoka, injini chache, mabehewa mabovu. Tukaingia mkataba wa miaka 25 na kampuni ya RITES ya India, wao asilimia 51, Serikali asilimia 49. Mwaka 2008 wafanyakazi wakagoma kwa ajili ya mishahara. Huduma haikuinuka, na kufikia mwaka 2011 Serikali ilikuwa inairudisha reli mikononi mwake. Miaka 25 ikaishia minne! Majirani zetu Kenya na Uganda nao waliikabidhi reli yao kwa Rift Valley Railways mwaka 2006, kwa miaka 25 vilevile. Mwaka 2017 mkataba ukavunjika.

Kwa nini inakuwa hivi? Sababu si siri. Faida ya reli iko kwenye MIZIGO. Abiria wa daraja la tatu, mwenye tenga lake na watoto wawili, nauli yake hailipi gharama ya njia, madaraja, injini na mafundi. Mwekezaji anahesabu faida, na hilo si kosa, ndiyo biashara. Lakini ukimwachia achague, atachukua mnofu na kuuacha mfupa. Na mfupa ndio yule abiria.

Je, dini yetu ina neno hapa? Ndiyo. Sahaba Abyadh bin Hammal (R.A.) alimwomba Mtume (S.A.W.) ampe chumvi ya Ma'rib, huko Yemen, naye akampa. Kisha mtu mmoja akaeleza kwamba ile ni kama maji yasiyokatika, yaani kitu cha watu wote. Mtume (S.A.W.) akairudisha. Tuchukue mafunzo mawili. Kwanza, kinachotegemewa na wote hakimilikishwi mmoja kirahisi. Pili, kiongozi akibainikiwa na maslahi ya watu, kurudi nyuma si aibu.

Na Waislamu tumewahi kujenga reli kwa moyo huo. Reli ya Hijaz, kutoka Damascus, ilianza mwaka 1900 na kufika Madina mwaka 1908. Waislamu wa nchi nyingi waliichangia ili hujaji aliyekuwa akitembea na ngamia zaidi ya mwezi afike kwa siku chache. Haikujengwa ili tajiri mmoja atajirike kwa mahujaji.

Lakini tusiwe waoga wa kusema upande wa pili. Reli ilichakaa kabla ya RITES, ikiwa mikononi mwa umma. Mali ya umma ikikosa msimamizi mwaminifu inakuwa shamba lisilo na mwenyewe, kila apitaye anakata mkungu. Ruzuku ni AMANA. Ikiliwa njiani, ni dhuluma kwa yule mama wa Nkwenda ambaye treni hajawahi kuipanda.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu:

1. Njia ya reli na treni ya abiria vibaki mali ya umma. Mtu binafsi akitaka kubeba mizigo juu ya reli hiyo, abebe na alipe ushuru wa njia, na fedha hiyo imsaidie abiria.

2. Ruzuku ifuate kiti cha mnyonge. Treni ya SGR ilipoanza mwaka 2024, nauli ya kawaida Dar es Salaam hadi Dodoma ilikuwa shilingi 31,000. Hapo ndipo fedha ya umma iende. Anayetaka behewa la kifahari alipe gharama yake yote.

3. Hesabu ziwe wazi. Wananchi tuambiwe kila mwaka treni imekula kiasi gani na imebeba watu wangapi.

4. Mikoa isiyo na reli isisahauliwe. Wazee wetu walishuka Bukoba, wakapanda meli hadi Mwanza, kisha treni. Kipande cha SGR cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, kilianza kujengwa mwaka 2021. Kikikamilika, meli ya Bukoba na mabasi ya Kayanga na Omurushaka yapangiwe saa moja na treni, kwa tiketi moja. Mgonjwa wa Murongo anayekwenda Muhimbili naye aonje kodi yake.

Tukishindwa kusimamia, dawa ni kuwawajibisha wasimamizi. Mkulima mwenye akili hauzi kahawa mbichi kwa sababu kibarua wake ni mvivu. Anambadilisha kibarua.

Ewe Mola, tupe viongozi wanaoogopa kuulizwa Siku ya Kiyama juu ya kila shilingi ya mnyonge. Aamin.

Wallahu a'lam. Msambazie na mwenzako, na mwenye hoja tofauti aiseme kwa adabu.