Soko katika Rangi za Maji: Nani Amepewa Uso?

Mchoro wa soko kwa rangi za maji husifiwa mara nyingi kwa uchangamfu wake: kanga, mafungu ya nyanya, na umati usio na nyuso. Sifa hiyo haitoshi. Katika mbinu hii, kwa kawaida weupe hautokani na rangi bali na karatasi iliyoachwa wazi. Hivyo mchoraji huamua mapema kipi kisiguswe. Uamuzi huo ni wa kifani na pia wa kimaudhui.

Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ni mfano mzuri. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliotumikishwa na Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mahali palipoitwa kwa jina la wabeba mizigo hapastahili kuchorwa pasipo mchukuzi. Akigeuzwa doa la rangi, mtazamaji hufurahia wingi wa bidhaa na kumsahau aliyezileta.

Si lazima kila uso uchorwe kinaganaga. Mgongo uliopinda chini ya gunia watosha. Yapasa, basi, mhakiki aukabili mchoro kama aikabilivyo riwaya, aulize ni nani aliyepewa nafsi na ni nani aliyenyimwa.