Tanga siyo mahali pa kuchimbia dawa tu

Likizo ya Krismasi na mwaka mpya imeisha, watu wamerudi chuoni wamebabuka na jua la pwani, simu zimejaa picha. Wiki nzima kwenye foleni ya chakula swali ni moja tu: "Desemba ulikula bata wapi?" Na jibu la fasheni mwaka huu ni Mombasa. Sawa. Mombasa ni mji mzuri, sina ugomvi nao hata kidogo.

Ugomvi wangu unaanzia hapa. Ukimuuliza mtu huyo huyo, "Na Tanga mlipaonaje?" anakujibu huku anatafuna: "Aah, Tanga tulipita tu. Tulichimba dawa pale Kange tukasonga. Kwani Tanga kuna nini? Mji umelala ule." Halafu mwingine pembeni anadakia: "Tena watu wa huko nusu Wakenya bwana." Kicheko. Watu wanaendelea na wali maharage.

Leo nina hasira kidogo, mnivumilie. Hizo sentensi mbili, "mji umelala" na "nusu Wakenya", nazisikia kila Januari, na zote mbili zinatoka kwenye ujinga mmoja: kudhani kwamba mji wa mpakani ni mwisho wa nchi. Kwamba Tanzania inaanzia Dar, inachoka ikifika Segera, na Tanga ni mabaki. Mimi nasema Tanga siyo mwisho wa kitu chochote. Tanga ipo katikati. Ila ni katikati ya nchi ambayo haipo kwenye ramani mliyokariri form two.

Tuanze na huo mstari. Wengi wenu mkiulizwa mpaka wetu na Kenya ulitoka wapi mtasema Berlin, 1884. Siyo. Mkutano wa Berlin haukuchora mstari huu. Ulichorwa mwaka 1886 kwa makubaliano ya Waingereza na Wajerumani. Walianzia mdomo wa Mto Umba pale pwani, wakapiga rula mpaka Ziwa Jipe, wakauzungusha Kilimanjaro, wakaendelea hadi Ziwa Victoria. Angalieni ramani, kile kipande cha kutoka baharini mpaka Jipe kimenyooka mpaka kinatia aibu. Hakuna mto, hakuna mlima, hakuna kabila lililoishia hapo. Kabla ya rula hiyo Tanga na Mombasa zote zilikuwa kwenye pwani ya Sultani mmoja wa Zanzibar. Mwaka 1890 Mjerumani akainunua pwani ya upande huu moja kwa moja, upande ule akabaki Mwingereza, basi. Hakuna mzee hata mmoja wa Kidigo aliyeulizwa.

Wadigo wapo Mkinga, wapo Tanga mjini, wapo Muheza, na wamejaa Kwale, Kenya. Wasegeju na Wavumba hivyo hivyo, huku wapo na kule wapo. Ukiwa Jasini, Vanga ni pua na mdomo. Sasa niambieni, nani hapo ni nusu? Mstari ndio uliokatisha watu. Watu hawakujikata wenyewe.

Na mstari huo haukukaa kimya. Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi zima kwa meli kutoka India wakashuka Tanga. Wakapigwa na jeshi la von Lettow-Vorbeck, lililojaa askari Waafrika, mpaka wakarudi kwenye meli zao. Nyuki nao walitoka kwenye mizinga wakauma watu, hilo ndilo kila mtu analikumbuka kwa sababu linachekesha. Januari 1915 wakapigana tena Jasini, pale pale mpakani. Makaburi ya vita hivyo bado yapo Tanga mjini. Watu wamekufa kwa ajili ya rula ya wageni, halafu wewe unapita na basi umeweka headphone masikioni unasema kuna nini.

Sasa tuje kwenye "mji umelala". Nitajaribu kuwa mpole.

Mtu anayesema Tanga imelala huwa amekaa Tanga dakika ishirini. Amekula chipsi stendi. Ngamiani hajaingia, zile barabara zenye namba ambazo mgeni anapotea huku anahesabu, hajazipita. Raskazone hajaogelea. Boma la zamani ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi hajakanyaga, na tiketi yake haifikii bei ya chupa mbili alizokunywa Nyali. Tongoni, kwenye barabara ya Pangani, kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo zaidi ya arobaini. Hajui. Mwaka 1498 meli moja ya Vasco da Gama ilikwama mchangani maeneo hayo, na mwaka uliofuata wakarudi nayo wakaichoma huko huko kwa kuwa mabaharia walikuwa wamepungua. Hata Mreno aliyekuwa na haraka ya India, Tanga ilimkwamisha. Wewe mwenye haraka ya Likoni umeshindwa hata kushuka kwenye basi.

Na Kiswahili chenyewe? Sisi wa ualimu tunaochukua Kiswahili tunakesha na Shaaban Robert kabla ya mtihani. Alizaliwa Vibambani mwaka 1909, akafariki 1962, amezikwa Machui. Huko ni Tanga jamani! Na kazi yake ya mkate ilikuwa nini? Karani wa forodha, tangu 1926. Mtu aliyekuwa anahesabu bidhaa zinazoingia na kutoka ndiye aliyeandika lugha inayosomwa Mombasa na Nairobi sawasawa na Dar. Lugha haikulipa ushuru.

Muziki nao vilevile. Mnacheza Simba Wanyika kwenye harusi mkidhani ni bendi ya Wakenya. Wilson Peter Kinyonga na ndugu yake George walianzia muziki Tanga, wakapitia Arusha, mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakavuka kwenda Kenya. Baadaye ndani ya Simba Wanyika ikachomoka Les Wanyika. Kwa upande wa taarab, Black Star na Lucky Star za Tanga, alikoimba Bi Shakila, zilisikilizwa pwani nzima bila kuuliza nani yuko upande gani. Huo ndio mji "uliolala". Ulikuwa unawaimbia nchi mbili mkacheza.

Ila sikai hapa kuwasomea historia tu. Kuna kitu kinaniuma zaidi, na kinahusu Desemba.

Bibi yangu mzaa mama anaishi kijiji kimoja cha wilaya ya Mkinga. Mdogo wake wa tumbo moja aliolewa Vanga, miaka mingi kabla mama hajazaliwa. Kwao Vanga siyo "nje ya nchi". Vanga ni kwa mdogo wake. Desemba ya mwaka juzi mume wa bibi mdogo akafariki alfajiri. Sisi Waislamu hatulazi maiti bila sababu, kwa hiyo mazishi yakapangwa alasiri ile ile. Bibi hana pasipoti. Hajawahi kuwa nayo, hajui hata picha yake inapigwaje. Hati ya muda ya kusafiria nayo ni safari, nauli, picha, fomu, kusubiri. Nani atakusubirishia maiti?

Bibi alifika mazikoni. Alifikaje, msiniulize.

Wiki ile ile rafiki zangu wa chuo walikuwa wanavuka Horohoro na pasipoti zao mpya, wanapiga picha ya muhuri. Lami safi kutoka Tanga mpaka mpakani, kilomita 65. Unashuka, unagongewa, unapanda, saa chache baadaye uko kwenye feri ya Likoni. Kwa mtalii mpaka ni dakika. Kwa mwenye ndugu ng'ambo mpaka ni kosa la jinai. Mimi naona hapo dunia imekaa kichwa chini miguu juu.

Na siyo bibi tu. Binamu yangu alikwenda ofisi moja kufuatilia karatasi zake za chuo. Akaangaliwa jina la ukoo, akaulizwa alikozaliwa babu yake, akaambiwa mbele ya foleni, "Wewe ni Mtanzania kweli wewe?" Amezaliwa Tanzania, amesoma shule za kata Tanzania, ameimba Mungu Ibariki Afrika kila asubuhi kwa miaka kumi na tatu. Kwa hiyo mnaposema "nusu Wakenya" mkacheka, mjue kuna mtu anaibeba hiyo sentensi mpaka kaunta, na kule haichekeshi.

Najua mtakachosema. "Usalama je? Magendo je? Mpaka lazima ulindwe." Kweli kabisa, na sijasema uachwe wazi. Ila niambieni ukweli, mwizi wa magendo anazuiwa na bibi kukosa pasipoti? Mwenye lori ana karatasi zote, na akikosa ana hela. Anayekwama ni yule mwenye kikapu. Machungwa ya Muheza yanavuka kwenda Kenya kwa malori. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443 na linaishia Chongoleani, hapo hapo Tanga. Mwaka 2017 marais wawili walikuja kuliwekea jiwe la msingi. Vizuri sana, sipingi. Chungwa linavuka, mafuta yamepewa bomba la kuvukia, bibi havuki. Hiyo ndiyo Afrika Mashariki tunayoijibia mitihani?

Na haliwezi kusemwa kuwa haiwezekani. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuruhusu raia wao kusafiri baina yao kwa kitambulisho cha taifa tu. Tanzania haikuwemo. Nendeni Busia mkaone, mji una jina moja pande zote mbili, mtu ananunua mahindi upande huu anasaga upande ule. Hata huko Asia, kati ya Singapore na mji wa Johor Bahru wa Malaysia, nchi zilizoachana mwaka 1965 kwa kununiana, watu wanavuka kwa maelfu kila siku kwenda kazini na sokoni. Zimebaki nchi mbili na hakuna iliyomezwa.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: raia wa Tanzania anayeishi wilaya ya mpakani avuke kwa kitambulisho cha taifa. Asajiliwe pale pale kituoni, aandikwe jina na saa, aende kuzika, aende kupeleka pilau ya Idi, arudi. Serikali inamjua zaidi hivyo kuliko anavyopita porini usiku. Usalama unaoutaka unaupata hapo hapo.

Na sisi walimu watarajiwa tuna sehemu yetu. Mwakani au mwaka ule mwingine wengine wetu watapangiwa Mkinga, na najua mtalia. Mtasimama mbele ya darasa lenye watoto ambao mjomba wao yuko Lungalunga na shangazi yuko Msambweni, mtachora Tanzania ubaoni mkiweka mstari mweusi juu kulia, na nje ya mstari mtaacha ubao mtupu. Mtoto anaangalia ule utupu, anajua pale ndipo nyumbani kwa shangazi. Utamwambia nini? Ukimwambia "pale ni nje", umemfundisha kwamba shuleni watu hudanganya. Mwambie mstari ulichorwa mwaka gani, nani alichora, na kwamba nchi yake ni Tanzania kamili, haipungui hata robo kwa sababu shangazi yake ni Mkenya.

Desemba ijayo nendeni Mombasa, nani kawakataza. Ila shukeni Tanga siku tatu. Msiende kwa kuhurumia, Tanga haiombi. Kuleni samaki wa kupaka, kodini baiskeli kama wenyeji, mpite Chumbageni mpaka Raskazone jioni. Siku ya pili Tongoni na Machui. Siku ya tatu pandeni Coaster ya Horohoro, mkishuka pale msikimbilie muhuri. Kaeni kwenye benchi la muuza chai nusu saa tu, muangalie nani anavuka kwa mlango na nani anaangalia mlango kwa mbali.

Ule msemo mnaoujua wote, waja leo waondoka leo, mnausema kama sifa ya Tanga. Mimi naanza kuusikia kama lawama kwetu.

Nawakilisha.