Sahani ya Buku Mbili na Jero: Nani Ataondoka Kwenye Foleni?

Wanachuo wenzangu, hoja ya kupandisha bei ya chakula kafteria imerudi tena mezani. Mzabuni anataka sahani ya wali maharage itoke shilingi 2,000 iwe 2,500. Sababu zake zinaeleweka: mchele umepanda, mafuta ya kula yamepanda, mkaa ndio usiseme. Sina ugomvi na sababu hizo. Ugomvi wangu uko kwenye hesabu ambayo baadhi ya viongozi wetu wameimeza nzima nzima, kwamba bei ikipanda kwa robo, basi na mapato yatapanda kwa robo.

Hesabu hiyo ingekuwa kweli kama tungekuwa tumefungwa kamba kwenye meza za kafteria. Hatujafungwa. Nje ya geti wapo mama ntilie, geto kuna jiko la gesi, na kuna wale wanaojua kuunganisha chai ya asubuhi na chakula cha jioni bila kupita mchana.

Tupige mfano. Tuseme kwa siku zinauzwa sahani 400 kwa buku mbili. Hiyo ni shilingi 800,000. Bei ikienda 2,500 na wateja wakabaki 350, mapato yanakuwa 875,000. Hapo mzabuni kapata. Wakibaki 320, mapato ni 800,000 yale yale. Wakibaki 280, yanashuka hadi 700,000. Angalia vizuri: bei imepanda kwa asilimia 25, lakini ikitosha kupungukiwa na asilimia 20 tu ya wateja, nyongeza yote imeshayeyuka.

Wachumi wanaita jambo hili unyumbufu wa mahitaji, yaani wanunuzi wanapungua kwa kiasi gani bei inapopanda. Alfred Marshall ndiye aliyelipa jina kwenye kitabu chake cha mwaka 1890, ila wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1844 mhandisi wa Ufaransa, Jules Dupuit, akiandika kuhusu faida za kazi za umma kama madaraja na barabara, alieleza kwamba ukiendelea kuongeza kodi kidogo kidogo kuanzia sifuri, makusanyo yatapanda, yatafika kileleni, kisha yataanza kushuka mpaka usipate kitu, kwa sababu hakuna atakayelipa tena.

Wala hatuhitaji kwenda Ufaransa. Wote tunaikumbuka tozo ya miamala ya simu. Ilianza Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja, kwa kutuma na kwa kutoa. Watu walifanya nini? Wakarudi kwenye noti. Aliyekuwa anamtumia mama yake kijijini mara tatu kwa mwezi akaanza kutuma mara moja, au akasubiri mtu anayesafiri. Miamala ikapungua miezi ile ya mwanzo na malalamiko yakawa makubwa. Septemba mwaka ule ule tozo ikakatwa kwa asilimia 30, kiwango cha juu kikawa 7,000. Julai 2022 kikashushwa hadi 4,000. Mwaka 2023 tozo ya kutuma ikaondolewa, ikabaki ya kutoa. Fedha taslimu ilikuwa pale pale mfukoni, mbadala wa simu, na mtu mwenye mbadala hana sababu ya kukuvumilia.

Sasa, haki itendeke. Si kila kitu kiko hivyo. Wiki ya mitihani, steshenari ikipandisha bei ya kuprinti, utalalamika lakini utaprinti, maana kazi inatakiwa saa nane na printa nyingine iko mbali. Mwenye nyumba akipandisha kodi ya geto katikati ya muhula, utalipa tu. Pale hatuna pa kukimbilia, na wao wanajua. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila bei inayopanda ni moja: mnunuzi ana njia nyingine? La pili ni muda. Wiki ya kwanza watu bado wanakula kafteria kwa mazoea. Wiki ya nne wameshachanga hela ya mchele na gesi wanapika wanne wanne. Anayepima mafanikio kwa mauzo ya wiki ya kwanza anajidanganya.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemuachia mzabuni jibu rahisi. Atasema: sahani nisizopika sizigharamii. Na ana hoja. Kama kila sahani inamgharimu shilingi 1,500, basi sahani 400 za buku mbili zinamwachia 200,000, wakati sahani 280 za 2,500 zinamwachia 280,000. Mapato yameshuka, faida imepanda. Yeye anaweza kutabasamu kabisa huku wanafunzi 120 wametoka kwenye foleni.

Hao 120 ni akina nani? Hawatakuwa wale wanaotumiwa hela na nyumbani kila Jumatatu. Watakuwa wale ambao bumu halijaingia, au waliokosa mkopo kabisa, ambao jero kwa siku ni shilingi 15,000 kwa mwezi, na 15,000 ni nauli ya wiki kadhaa. Kafteria imepewa jengo na eneo la chuo ili wanafunzi wale. Ikiwa faida yake inapatikana kwa kupunguza walaji, imeacha kazi iliyoletewa.

Kwa hiyo ninawaomba viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi wasiende kwenye kikao na kelele tu za "bei hatutaki". Waende na madai matatu. Kwanza, mzabuni aoneshe idadi ya sahani anazouza kwa siku, na gharama ya sahani moja. Pili, kama bei lazima iguswe, ianze na shilingi 200 na ijaribiwe mwezi mzima, tuhesabu sahani mwishoni, si wiki ya kwanza. Tatu, ibaki sahani moja ya bei ya zamani, hata ikiwa ndogo au haina mboga ya pili. Anayetaka nyama na parachichi alipie zaidi, kwa kuwa yeye ndiye asiyeondoka bei ikipanda.

Tunasoma haya darasani, tunayajibu kwenye mitihani, tunapewa alama. Mkataba wa kafteria ukifika mezani, mtu wetu mmoja kwenye kikao kile aulize sahani ngapi zinauzwa kabla hajashika kalamu ya kusaini.